UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) au Muhimbili ya Dar kwa MD (shahada ya udaktari)?

Dogo, kwa vile umesema umepata nafasi zote mbili, nyumbani Kondoa, na ndoto yako ni upasuaji, mi ningeenda Muhimbili. Pale MOI (taasisi ya mifupa) na JKCI (ya moyo) ziko eneo moja na hospitali ya taifa, kesi utakazoziona ni zile zilizoshindikana mikoani. Ila ujue rufaa inakuja na msongamano, kwenye raundi kuna bingwa, marezidenti (madaktari wanaosomea ubingwa), intani, halafu ndo wewe wa mwaka wa tatu unachungulia mgonjwa kwa juu ya mabega ya watu.

UDOM nayo usiidharau kisa imeanza 2007, hospitali ya Benjamin Mkapa ipo hapo hapo na figo wanapandikiza tangu 2018, na ukiwahi wodini mapema ukamzoea nesi wa zamu utafanya kazi kwa mikono yako kweli, kutoa damu, kushona, kuandika faili. Na bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) la Dodoma linasogea kidogo aisee, Dar chumba cha Upanga kitalimeza lote ukikosa hosteli.

Cheti ni kile kile, miaka mitano na intani mwaka mmoja. Kama home mfuko umebana, thibitisha UDOM, upasuaji utausoma kwenye mmed (shahada ya ubingwa).