Usisubiri raundi ya asubuhi, nenda wadi jioni

Wadogo zangu wanafunzi wa udaktari mnaoanza wadi mwaka huu, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja au Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, naona wengi mnaitegemea mno raundi, pale daktari mkuu anapopita kitanda kwa kitanda. Asubuhi bosi ana wadi nzima inamngoja, nesi anataka dawa ziandikwe, nyie mmejazana kitandani kama mnagombania boti ya Pemba, wa nyuma hata uso wa mgonjwa hauoni, sasa hapo utajifunza nini zaidi ya kuomba Mungu usiulizwe wewe. Mimi mengi niliyoyajua nimeyajua jioni, wageni wakishatoka na wadi imetulia.

Nenda peke yako au na mwenzio mmoja. Toa salamu, sema wewe ni mwanafunzi, omba ruhusa, akikataa mshukuru uende kwa mwengine bila kununa (watu wamechoka kubonyezwa matumbo na kila anayepita na koti jeupe, wana haki). Akiwa mwanamke na wewe mwanamme, mtafute mwenzio wa kike au nesi asimame nawe, vuta pazia, funua pale unapopima tu. Halafu kaa, mwache aseme. Bibi anaweza akaanzia kwenye harusi ya mjukuu wake, mwache tu, maana humo humo ndo utasikia kuwa siku ile alipanda ngazi pumzi zikamkata, na siku hizi halali bila ya mito mitatu. Hapo ushaanza kuufikiria moyo na stethoskopu bado iko shingoni.

Tena angalia kabla hujagusa. Mtoto anakohoa, hesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa, awe katulia mapajani kwa mamake, akilia subiri. Wa miezi 2 mpaka 11 zikifika 50 ni za haraka, wa mwaka 1 mpaka asiyetimiza 5 ni 40. Bandama nayo ukiipapasa, anzia chini kulia kwa tumbo, sogeza mkono taratibu kuelekea mbavu za kushoto kila anapovuta pumzi, maana ukianzia juu karibu na mbavu, ile kubwa khasa ndo itakayokupita.

Wala si mambo mapya haya, daktari William Osler kawaingiza wanafunzi wadini pale hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, tokea miaka ya 1890, sie leo tumeganda na slaidi kwenye simu.

Asubuhi wahi, pita kwa mgonjwa wako kabla ya raundi, muulize kaamkaje, tazama chati, usiku mambo yanageuka. Ukipresenti, yaani ukimweleza bosi habari za mgonjwa, usimjadili mgonjwa kwa Kiingereza kitupu yeye anatoa macho tu, mwambie kwanza nini kinakuja. Na bosi akikuuliza kitu hukijui usibuni, sema sijamuuliza, mgonjwa si huyo hapo, omba umuulize saa hiyo hiyo.