Nakala ya hati na kitambulisho havitoshi: yaliyonikuta katika ununuzi wa nyumba mara mbili

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili ili nisikujibu kwa pupa. Unasema umeipata nyumba uliyoitafuta kwa muda mrefu, muuzaji amekupa nakala ya hati miliki pamoja na nakala ya kitambulisho chake, majina yanalingana, na sasa anakutaka utoe arubuni kesho kwa kuwa yuko mnunuzi mwingine anayesubiri. Unauliza kama nakala hizo mbili zinatosha. Hazitoshi, na ningekuwa wewe nisingetoa chochote kesho. Mimi si wakili. Nimeingia katika ununuzi wa nyumba mara mbili: wa kwanza ulivunjika siku ya malipo nikabaki na fedha zangu, wa pili ulikamilika na ndiyo nyumba ninayoishi hadi leo, ingawa ulinigharimu ukuta na shimo la maji taka kwa sababu nitakayoieleza.

Nakala ya hati, hata ikiwa halali kabisa, hueleza hali ya miliki siku ile hati ilipotolewa. Tangu siku hiyo mwenye nyumba anaweza kuwa ameiweka rehani, ameshtakiwa, amemega sehemu akaiuza, au ametangaza kuwa hati imepotea akapewa nyingine, ile ya zamani ikabaki mikononi mwa mtu asiyestahili. Hali ya leo imo katika daftari la msajili wa hati, na njia ya kuifikia ni upekuzi rasmi, ambao uombe wewe mwenyewe au wakili unayemlipa wewe. Majibu ya upekuzi yanayoletwa na dalali au na muuzaji yapokee kwa adabu, kisha uombe ya kwako. Yakija, soma jina la mmiliki herufi kwa herufi, namba ya kiwanja, ukubwa wake, na miaka iliyosalia ikiwa ardhi ilitolewa kwa muda maalumu. Halafu uende kwenye sehemu ya mizigo, ambamo huandikwa rehani, mazuio ya mahakama, tahadhari zilizowekwa na watu wanaodai haki, na haki za njia.

Uzito wa daftari hilo haulingani kila mahali. Katika mfumo ulioanzishwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi, daftari lenyewe ndilo linalothibitisha umiliki. Kwingineko, kama katika sehemu kubwa ya Marekani, ofisi huhifadhi mikataba iliyowasilishwa bila kuthibitisha kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza, hivyo mnunuzi hulazimika kuyafuata mauziano ya nyuma moja baada ya jingine. Ndiyo maana huko bima ya hati miliki ni biashara kubwa tangu ilipoanza Philadelphia mwaka 1876. Muulize wakili wako uko chini ya mfumo upi, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloamua arudi nyuma kiasi gani.

Sasa nieleze ununuzi wangu wa kwanza. Upekuzi tuliufanya wiki ya kwanza na ukatoka safi. Mkataba ukasainiwa, benki ikachukua wiki saba kuidhinisha mkopo, na siku ya malipo ilipofika kila mtu alikuwa mezani na kalamu mkononi. Wakili wangu, mama wa makamo asiyependa kuharakishwa, alikataa kuruhusu fedha zitoke mpaka karani wake aende kupekua upya asubuhi ileile. Muuzaji alinuna, dalali akatazama saa kila baada ya dakika chache, na mimi nakiri kwamba moyoni niliuona ule kuwa ni ukaidi wa kutafuta ada ya ziada. Karani alirudi kabla ya adhuhuri na karatasi moja: siku tisa nyuma, dada wa muuzaji alikuwa amesajili zuio la mahakama akidai kwamba nyumba ile ni ya marehemu baba yao na mirathi haijagawanywa. Muuzaji alidai halijui. Sikutaka kubishana naye. Fedha zangu zilikuwa bado kwenye akaunti, na mkataba uliruhusu kila upande ujiondoe iwapo miliki ingeonekana kuwa na doa kabla ya uhamisho.

Pengo hilo baina ya upekuzi na usajili linajulikana vizuri kiasi kwamba nchini Uingereza upekuzi rasmi wenye kipaumbele humlinda mnunuzi kwa siku 30 za kazi, ili mtu mwingine asiweze kuandikisha dai jipya mbele yake akiwa mbioni kukamilisha. Pale ambapo kinga ya namna hiyo haipo, huna budi kupekua mara mbili: kabla ya mkataba, na siku ile ile ya kulipa. Ada ya upekuzi wa pili ni ndogo mno ukiilinganisha na thamani ya nyumba.

Kisa cha dada yule kinatupeleka kwenye jambo ambalo naona wanunuzi wengi hulipita haraka, nalo ni kama huyo anayeuza ana mamlaka ya kuuza peke yake. Jina lake kuwapo kwenye hati halimalizi swali. Katika nchi nyingi nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa hata kama jina lake halimo kwenye hati, na ridhaa hiyo inafaa itolewe kwa maandishi, asaini yeye mwenyewe mbele ya wakili, baada ya kuelezwa anachokisaini. Ikiwa mwenye hati amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala aliyeshika funguo. Ikiwa anayeuza ana hati ya uwakili, uliza kama aliyeitoa yu hai, maana kwa kawaida uwakili hufa pamoja na aliyeutoa, kisha usome kama umempa mamlaka ya kuuza au ya kukusanya kodi ya pango tu. Kampuni ikiuza, omba azimio la wakurugenzi. Aidha, jihadhari zaidi na nyumba tupu ambayo mwenyewe anasemekana yuko nchi za nje; nyumba za aina hiyo ndizo hupendwa na wanaojifanya wenye mali, kwa sababu hakuna wa kuwaumbua. Keti na majirani wawili watatu bila dalali kuwapo, uwaulize wanamjua nani kuwa mwenye nyumba.

Baada ya karatasi inakuja ardhi yenyewe, na hapa ndipo nilipoteleza mimi. Katika ununuzi wa pili nilikuwa nimeshaogopa sana daftari, nikapekua, nikarudia kupekua, nikakagua ridhaa zote, nikasahau kupima. Dalali alinionyesha mipaka kwa simu yake, tukatembea pembeni mwa ukuta huku alama ya buluu ikisogea kwenye ramani, nikaridhika. Sikujua wakati ule kwamba simu ya kawaida, hata penye uwazi, inaweza kukosea kwa mita 5 hivi. Miaka sita baadaye jirani yangu aliuza kiwanja chake, na mnunuzi wake, mtu makini kuliko mimi, alileta mpimaji wa ardhi mwenye leseni, ambaye alifukua mawe ya mipaka yaliyokuwa yamezikwa na udongo, akavuta kamba kutoka jiwe hadi jiwe. Kamba ilipita juu ya mfuniko wa shimo langu la maji taka. Ukuta nilioununua ulikuwa umeingia kwa jirani karibu mita mbili katika kona moja. Aliyenijengea tatizo hilo alikuwa mwenye nyumba wa zamani, na hata sidhani kama alikusudia. Alijenga kwa macho, nami nikanunua kwa macho.

Tulizungumza kwa wema, nashukuru, lakini wema haukuondoa gharama. Nilichimba shimo jingine upande wa pili, nikageuza mabomba yote ya bafu na jiko, nikabomoa ukuta na kuujenga upya kwenye mstari wake. Yupo aliyenishauri nidai kwamba eneo limekuwa langu kwa kulikalia, kwa kuwa sheria za nchi nyingi humpa haki mtu aliyeikalia ardhi ya mwingine waziwazi na mfululizo kwa muda uliowekwa, muda unaotajwa mara nyingi katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza ukiwa miaka 12. Sikufuata njia hiyo. Kesi ya mpaka huliwa na miaka, na jirani unaamka naye kila siku. Kwa hiyo, kabla hujasaini, mlipe mpimaji alinganishe ramani ya upimaji na mawe yaliyopo ardhini, na umtake akuandikie ni nini kimevuka na kwa kiasi gani, wewe kwa jirani na jirani kwako.

Ukiwa na ramani hiyo mkononi, uliza pia kama nyumba ina njia ya kuingilia inayotambuliwa kisheria, au inapitia kiwanja cha mtu aliyeruhusu kwa hisani tu. Hisani huisha mwenye kiwanja anapobadilika. Kibali cha ujenzi kilingane na kilichojengwa, hasa ikiwa kuna vyumba vilivyoongezwa nyuma. Mpangaji akiwamo, soma mkataba wake, kwa kuwa mara nyingi mauzo hayauvunji mkataba wa pango. Ikiwa ni nyumba ya ghorofani katika jengo la pamoja, omba kumbukumbu za mikutano ya wamiliki na hesabu za mfuko wa matengenezo. Mfuko ukiwa mtupu na lifti imezeeka, anayesubiriwa kuchanga ni wewe.

Kuhusu jengo lenyewe sitakuwa na mengi, kwani mkaguzi wa majengo atakueleza kuliko mimi. Nenda siku ya mvua au kesho yake, utazame kona za dari na sehemu ya chini ya kuta. Nyufa nyembamba za plasta zisikutishe. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, mpana kupita milimita 5, umwonyeshe mhandisi, hasa ikiwa milango ya upande huo haifungi sawasawa. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa na tarehe, ukirudi baada ya wiki kadhaa uone kama umesogea. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja peke yake nayo iulizwe.

Tuje kwenye fedha, ambako ndiko swali lako lilikoanzia. Arubuni si dhambi, ila itolewe chini ya maandishi yanayosema itarudishwa iwapo upekuzi, upimaji au mkopo utakwama, na ikae kwenye akaunti ya amana ya wakili mnayekubaliana, isiende mfukoni mwa muuzaji wala wa dalali. Ikiwa nyumba ina rehani, fedha zako zilipe kwanza deni la benki moja kwa moja, nawe upokee hati ya kufuta rehani pamoja na hati miliki. Ahadi ya kwamba muuzaji atakwenda kulipa mwenyewe usiipokee. Malipo yote yapitie benki kwa jina lililo kwenye hati. Namba ya akaunti ikibadilishwa kwa barua pepe siku za mwisho, mpigie wakili kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, kwa kuwa matapeli huingilia mawasiliano hasa wakati huo. Omba pia stakabadhi za kodi ya ardhi na ya jengo na ankara za maji na umeme, uzisome madeni yake.

Ukishapewa funguo, kazi haijaisha. Rafiki yangu alikaa na mkataba wa mauziano kabatini miaka minne akiamini unatosha. Alipokwenda kusajili, muuzaji alikuwa ameshafariki na warithi walitaka kuanza mazungumzo upya. Wasilisha uhamisho wa miliki mara tu kodi zake zinapolipwa. Mkinunua wawili, amueni mapema kama mnataka fungu la anayetangulia kufa limwendee aliyebaki moja kwa moja, au kila mmoja awe na fungu lake linaloingia katika mirathi yake, kisha usajili uandikwe hivyo. Nyumba ikatiwe bima kwa gharama ya kuijenga upya, si kwa bei uliyonunulia ambayo ndani yake mna thamani ya ardhi. Wala usiikatie nusu ili kupunguza ada, kwa sababu bima nyingi hupunguza fidia kwa uwiano uleule, ukaunguliwa chumba kimoja ukalipwa nusu ya hasara yake.

Kwa hiyo kesho asubuhi, badala ya kubeba arubuni, mwombe muuzaji akuonyeshe hati halisi, uchukue namba ya kiwanja, uende na wakili wako kuomba upekuzi, na umweleze muuzaji kwa heshima kwamba utajibu majibu yakitoka. Akikubali kusubiri, mpange siku ya mpimaji. Akikataa kabisa kwa ajili ya yule mnunuzi mwingine, mwache amuuzie. Majibu yakija, unaweza kuyaeleza hapa bila kutaja namba ya kiwanja wala jina la mtu, hasa yale ya sehemu ya mizigo, tukayasoma pamoja kabla hujarudi kwa wakili.