Kamba huishia ukingoni: jibu kwa anayetaka kupaka rangi ghorofa Mwanga

Mkuu, umeuliza kama kamba ya milimita 11 inatosha kupaka rangi lile jengo la ghorofa nne hapo Mwanga, au utafute nene zaidi. Nina miaka tisa ya kuning'inia hapa Kigoma, kwenye rangi, madirisha na matangi ya maji, na nakuomba habari ya unene uiweke kando kwanza. Kamba ya kazi hizi ya milimita 11, ile isiyovutika sana, kwa kawaida huhimili kilonyutoni 22 au zaidi, yaani tani mbili na ushee. Wewe na ndoo yako hamfiki huko hata kwa mbali. Panda juu ya paa uone kamba itapita wapi, kuanzia utakapoifunga hadi inapopinda kuingia ukutani. Kwenye hiyo kona ndiko kuna hatari.

Kuna jengo moja linalotazama ziwa lililonifunza hili. Ukuta mfupi wa juu ulikuwa umefunikwa bati lililokunjwa, na makali yake yamejitokeza kama unene wa kucha. Nikatandika kipande cha turubai, nikashuka. Asubuhi nzima ilikwenda vizuri. Saa tisa alasiri upepo wa ziwani umeshaanza, na mimi nimebakiza sehemu kama mita moja na nusu kushoto kwangu. Badala ya kupanda nihamishe kamba, nikawa najisukuma kwa miguu, napaka, narudi, najisukuma tena. Mwenzangu aliyekuwa juu akapiga kelele: "Tulia hapohapo, usitikisike!" Akafunga kamba nyingine mahali pengine, akaniteremshia, nikahamia.

Nilipofika juu nikaikuta turubai imeburutwa pembeni, kwa sababu sikuifunga popote. Ganda la nje la kamba lilikuwa limechanika karibu nusu ya mzunguko wake, na nyuzi nyeupe za ndani zimetoka kama sufi. Kilichonikosesha usingizi zaidi ni kamba ya akiba. Ilikuwa imepita juu ya bati lilelile, bila kinga yoyote, maana nilidhani haibebi kitu. Ile ya kwanza ingekatika, uzito wangu wote ungeangukia kwenye ya pili kwa kishindo, juu ya makali yaleyale.

Chukua uzi wa kushonea ukiwa umelegea, uuguse kwa wembe. Kisha ukaze, uuguse tena. Utaona tofauti. Kamba uliyoning'inia imekazwa hivyo muda wote, na ukiyumba kushoto na kulia unaigeuza msumeno.

Siku hizi naanza kwa kutafuta namna kamba isiguse ukingo kabisa. Kama kuna nguzo imara mbili, nafunga kwa umbo la V ili kamba ishuke wima pale pale ninapofanyia kazi. Ukifunga pembeni, uzito wako utaivuta kamba itambae ukingoni hadi inyooke, hata ujizuie vipi. Ikishindikana kuepuka ukingo, navisha kila kamba kinga yake: turubai nzito iliyokunjwa mara kadhaa, au kipande cha mpira mgumu wa maji kilichopasuliwa kwa urefu. Kinga naifunga juu kwa kamba yake ndogo ili isihame. Viroba vya sandarusi usitumie, vinateleza na vinayeyuka kwa joto la msuguano. Kabla ya hayo yote napitisha kiganja kwenye ukingo mzima nikiwa na glovu, natafuta misumari, nondo na bati. Na nikiukaribia ukingo huo nakuwa nimeshajifunga, kwa kuwa mtu anaweza kuanguka akiwa bado anaandaa kamba.

Kama sehemu ya kupaka haifikiki kwa mkono bila kuyumba, hamisha kamba. Ni nusu saa. Tajiri akilalamika kuhusu muda, mwambie Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamhusu yeye pia.

Umesema pia kamba uliyopewa ina sehemu yenye manyoya. Ikunje hapo kwa vidole: ikijikunja kwa urahisi kuliko kwingine, au ukiona weupe wa ndani, usipande nayo. Yangu niliikata vipande vya mita moja moja jioni ileile, ili kijana mwingine asije akaiokota stoo akadhani ni nzima.