Rejeta ikivuja, tafuta kwanza tone linakotokea

Kila Oktoba ikiingia, sisi tunaoishi huku Uingereza tukianza kuwasha joto la nyumba, simu za ndugu na marafiki huanza: "Kaka, rejeta inavuja, ninunue vali gani?" (Rejeta ni lile bamba la chuma ukutani linalopitisha maji ya moto kutoka kwenye boila, yaani mtambo wa kupasha maji, na vali ni koki yake ya pembeni.) Nami huuliza: inavujia wapi hasa? Mara nyingi mtu ameona doa kwenye zulia, basi. Hajapiga magoti kuangalia.

Kabla sijaenda mbali: kama nyumba umepanga, usiguse. Kwa England, sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji inamtaka mwenye nyumba atunze mitambo ya joto na maji ya moto kwa upangaji wa kawaida wa muda mfupi. Piga picha, mwandikie ujumbe siku hiyo hiyo, weka beseni, subiri fundi wake. Najua wengi wetu tunaona haya kumsumbua mwenye nyumba, lakini maji yakishuka kwenye dari ya jirani wa chini, usumbufu utakuwa mkubwa zaidi. Yanayofuata ni ya anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Zima joto, acha rejeta ipoe kabisa. Futa vali na viungo vyake vyote hadi vikauke, kisha funga kipande cha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo. Viko vitatu: nati ya chini (bomba linapoingia kwenye vali), nati ya ubavuni (vali inapokutana na rejeta), na juu, pale kijiti cha vali kinapochomoza chini ya kile kichwa chenye namba za kuchagulia joto. Nenda kanywe chai. Ukirudi, karatasi ya juu kabisa iliyolowa ndiyo yenye habari, maana maji hushuka, na kiungo cha chini hulowa hata kama hakina kosa.

Kwetu, rejeta ya sebuleni, ile nyuma ya kochi, ilikuwa imelowesha ubao wa chini wa ukuta hadi rangi ikafura, na kila aliyeiona alisema vali imekufa. Karatasi ilionyesha nati ya ubavuni. Robo mzunguko wa spana, tone likakoma. Ila shika spana mbili: moja ishike mwili wa vali usizunguke, nyingine ikaze nati. Ukitumia moja tu, unasokota bomba lote, na kiungo kilicho chini ya mbao za sakafu, usichokiona, ndicho kitakachoanza kuvuja.

Vali ya chumba cha juu ilikuwa kesi nyingine. Maji yalitoka kwenye kijiti, na mwili wake ulikuwa umeota kutu ya kijani. Hiyo haina dawa, unabadilisha.

Hapo kazi kubwa ni kuyatoa maji. Ukifungua vali bila kuyashusha, hakuna kitu cha kuyazuia, na maji ya rejeta ni meusi tititi kwa sababu ya unga wa chuma kilicholiwa na kutu ndani. Yakiingia kwenye zulia la rangi ya maziwa, hayatoki. Kwa hiyo zima boila na swichi yake ya umeme. Kama nyumba yako ina tangi dogo darini la kulisha mfumo wa joto, funga maji yanayoingia humo. Kama ina boila ya kisasa isiyo na tangi, hakikisha vali za mpira wa kujazia, ule unaoingiza maji kwenye mfumo, zimefungwa. Tafuta koki ya kutolea maji, ambayo kwa kawaida iko sehemu ya chini kabisa ya mfumo, pengine kwenye rejeta ya chini karibu na mlango. Funga mpira wa bustani kwa kibano na uupeleke kwenye mtaro wa maji machafu, usimwage bustanini, kwa kuwa yana kemikali. Fungua koki, halafu panda juu ukafungue vitundu vya hewa vya rejeta ili hewa iingie na maji yashuke. Kwa rejeta ya ghorofani huhitaji kumaliza maji yote ya nyumba, yakishuka chini ya usawa wake yatosha.

Hata hivyo, tandaza taulo kuukuu na uweke trei ya kuokea chini ya vali. Daima kuna maji yanayobaki tumboni mwa rejeta.

Kabla ya kwenda dukani, pima unene wa bomba. Mengi huku ni milimita 15, lakini nyumba nyingine zina mabomba membamba ya milimita 8 au 10. Legeza nati ya ubavuni, kisha ya chini, uinue vali. Kwenye bomba kitabaki kipete cha shaba kilichobanwa. Kikiwa hakina mkwaruzo na nati ya zamani inakubali hesi za vali mpya, mafundi wengi hukiacha hapo hapo. Vinginevyo kikate kwa msumeno wa chuma, kwa mshazari, taratibu, na usiufikie mwili wa bomba. Mkwaruzo mmoja kwenye bomba ni njia ya maji.

Sasa toa kile kipande cha shaba kilichobaki ndani ya rejeta. Huzungushwa kwa ufunguo mkubwa wa pembe sita unaoingia katikati yake. Safisha hesi za rejeta kwa brashi ya waya. Kwenye kipande kipya zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko kumi hadi kumi na mitano, kwa mwelekeo wa mshale wa saa ukiwa unatazama ncha inayoingia kwenye rejeta. Ukiizungusha kinyume itajikunja na kutoka unapokaza.

Tepu ni ya hapo tu. Naona watu wanaizungushia hata hesi za nati ya bomba, na haisaidii kitu, kwani kinachozuia maji pale ni kile kipete kinavyobanwa juu ya bomba. Weka vali mpya, kaza nati kwa mkono hadi mwisho, kisha spana mzunguko mmoja hivi. Ukikaza kwa hasira, kipete kinaliponda bomba.

Vali ya upande wa pili, yenye kofia ya plastiki isiyo na namba, usiiguse bila sababu. Hiyo ndiyo inayogawa maji sawasawa kati ya rejeta zote. Ukilazimika kuifunga, hesabu mizunguko na uiandike, ili uirudishe ilipokuwa.

Funga koki na vitundu vya hewa, kisha jaza taratibu. Kwa boila isiyo na tangi, geji ya presha isome bar 1 hadi 1.5 (bar ni kipimo cha presha) mfumo ukiwa baridi. Toa hewa ukianzia rejeta za chini kwenda za juu, ongeza maji presha ikishuka, na ufunge vali za kujazia kabisa. Zikiachwa wazi presha hupanda hadi vali ya usalama ifunguke, na kwa kawaida hufunguka kwenye bar 3. Weka pia dawa mpya ya kuzuia kutu badala ya ile uliyoimwaga pamoja na maji. Chupa ya lita moja kwa kawaida inatosha nyumba ya rejeta kama kumi, soma lebo. Watu huiruka kwa sababu haionekani, na ndiyo maana maji yao ni meusi.

Funga karatasi tena kwenye viungo. Angalia vikiwa baridi, angalia joto likiwaka, angalia asubuhi baada ya kupoa, kwa kuwa shaba hutanuka na kusinyaa, na kiungo kilichokauka jioni kinaweza kutoa tone alfajiri. Geji ikizidi kushuka na karatasi zote ni kavu, tatizo liko kwingine, pengine ndani ya boila. Hapo weka spana chini. Anayefungua boila ya gesi ni fundi aliyesajiliwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na anapofika mlangoni mwombe kitambulisho chake, ugeuze nyuma, usome kazi anazoruhusiwa kufanya.