Maswali na Majibu: Joice Mujuru, Kutoka Msituni Hadi Baraza la Mawaziri

Je, ni kweli Joice Mujuru, aliyekuwa makamu wa rais wa Zimbabwe, alitungua helikopta kwa bunduki? (Msomaji, Mafinga)

Swali hili nimelichoka. Inasimuliwa kwamba ilikuwa Februari 1974, katika vita ya ukombozi wa Zimbabwe, na wapo waliopigana vita hiyo wanaokanusha. Hata ikiwa kweli, helikopta moja haielezi lolote kuhusu zaidi ya miaka 30 aliyokaa katika uongozi, ambayo hamuiulizi.

Si mumewe, kamanda Solomon Mujuru, aliyempatia uwaziri? (Njombe)

Hapana, walipooana mwaka 1977 Joice alikuwa tayari kiongozi wa wapiganaji. Mbona hakuna anayeniuliza kama mume alipandishwa na mkewe?

Aliwezaje kuongoza wizara bila elimu ya kutosha? (Tukuyu)

Aliingia vitani mwaka 1973 akiwa na miaka 18, na mwaka 1980 akawa waziri mdogo kuliko wote, kisha akarudi kwenye vitabu na kufanya mitihani ya sekondari huku akiwa na ofisi na walinzi. Baadaye alikabidhiwa wizara ya maendeleo ya jamii na masuala ya wanawake, na mwaka 1982 sheria ikamtambua mwanamke Mwafrika wa miaka 18 kuwa mtu mzima mwenye haki ya kuingia mikataba kwa jina lake. Lakini mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ilifanya msako mijini, polisi wakawakamata wanawake waliotembea peke yao, wakiwemo wauguzi na walimu, wakiwashuku ukahaba na kuwadai vyeti vya ndoa. Waziri wa wanawake alikuwa ndani ya baraza hilo. Hapo ndipo pa kumpima, nanyi mnaopigia makofi kila uteuzi wa mwanamke mjifunze kuuliza mteuliwa amefanya nini wenzake walipoonewa.

Kwa nini alifukuzwa? (Mbeya)

Desemba 2014, akiwa makamu wa rais tangu 2004, alituhumiwa kupanga njama dhidi ya Rais Robert Mugabe. Alikanusha.

Mkoa wetu wa Iringa unahusikaje na habari hizi? (Kilolo)

Wewe wa Kilolo ndiye uniulize? Kambi ya Mgagao iko wilayani kwenu. Wapiganaji wa ZANU, chama cha ukombozi cha Zimbabwe, walipata mafunzo hapo, na mwaka 1975 maofisa wao wakatoa tamko la kumkataa kiongozi wa chama hicho, Ndabaningi Sithole, lililomfungulia Mugabe njia ya uongozi. Wazee walioishi jirani na kambi wanazidi kupungua. Chukua daftari uende kuwahoji, hasa akina mama, ambao wanahistoria wetu huwaruka.