Naweza kuifuta kesi ya mume wangu aliyenipiga?

SWALI: Niko Uyole, Mbeya. Mume alinipiga nikashonwa mdomo, nikachukua PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu), polisi wakampeleka mahakamani. Sasa ukweni wananibana nikaifute kesi eti yameisha kifamilia. Naweza? Alafu nataka talaka, si huyohuyo hakimu atanipa?

JIBU: Pole sana dada. Kesi ya jinai sio yako, ni ya Jamhuri, yaani serikali, wewe ni shahidi tu, kwaiyo hata wakwe wakuandikie barua wapige na mihuri, mwenye uwezo wa kuiondoa ni mwendesha mashtaka. Na kosa la kudhuru mwili kifungo chake kinaweza kufika miaka 5, usikubali mtu akuambie ni ugomvi wa chumbani.

Wewe nenda kila tarehe. Ukipuuza samansi, yaani wito wa mahakama, hakimu anaweza kuagiza ukamatwe wewe, na ndo hivo kesi nyingi zinavyokufa, inapigwa kalenda (inaahirishwa) leo, inapigwa tena, nauli ya daladala inaisha, mama anachoka anabaki nyumbani, mshtakiwa anaachiwa. Inaniuma kila nikiiona.

Siku ya ushahidi jiandae na kitu ambacho huwa hatuambiwi: mumeo kama hana wakili atakuhoji yeye mwenyewe, sauti ileile unayoijua, "si ulinitukana kwanza?" Usimtazame, geukia kwa hakimu maana ndiye anayeandika, jibu polepole. Hata kama ulimtukana, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hata mila iseme vingine. Na PF3 toa kopi mapema, hakikisha daktari ameandika jeraha lenyewe na amesaini.

Talaka ni shauri lingine kabisa. Unaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, kwa kawaida la kata, wakishindwa kuwapatanisha wanakupa hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana, ndo unafungua hata Mahakama ya Mwanzo. Bila hati hiyo mara nyingi shauri linatupwa. Ukifika barazani watajie kipigo mwanzoni kabisa, na mumeo akitiwa hatiani, nakala ya hukumu ni ushahidi mzito wa ukatili.

Kuhusu kugawana nyumba mkiachana, usiogope kwamba hukuwa na mshahara. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali. Pesa ya wakili kama huna, nenda ustawi wa jamii pale halmashauri uulizie msaada wa kisheria, ni bure.