Ukitaka kudumu kwenye gemu (au kazi yoyote), muangalie Faker akifungwa

Wakuu habari za saizi. Kijiweni kwetu hapa Majengo, Dodoma, kila nikimtaja Faker kuna mtu lazima aniulize huyo anachezea klabu gani, maana wengi wetu gemu tunayoijua ni ya mpira tu, pedi mbili, anayefungwa ananyanyuka. Haya, kwa wasiomjua: jina lake Lee Sang-hyeok, Mkorea, kazaliwa 1996, anacheza League of Legends, gemu ya kompyuta ya watano kwa watano mnavunjiana ngome, na yeye ndo anasimama njia ya kati. Kaanza kulipwa 2013 na T1, enzi hizo ikiitwa SK Telecom, na hajawahi kuhama. Makombe ya dunia anayo sita: 2013, 2015, 2016, alafu kimyaaa miaka saba, alafu 2023, 2024 na 2025 mfululizo. Kwenye fani yao mtu wa miaka 25 washaanza kumuita mzee na wengi hapo wanakuwa washastaafu, huyu kasaini mpaka 2029. Huku kwetu ukimuelezea mtu ukongwe unamtaja kipa Kaseja, alidaka Simba, akadaka Yanga, watoto waliokuwa wanamshangilia wakakua wakaota ndevu na yeye alikuwa bado yuko golini. Ndo stori yenyewe hiyo.

Sasa watu wanamsifia kwa makombe, sawa. Mi ushauri wangu kwa madogo wanaokuja pale dukani kuniuliza habari za gemu ni mwingine, nawaambia achana na makombe kwanza, kaangalie ile miaka saba ya katikati.

Anzia 2017. Fainali ilikuwa Beijing, uwanja ule wanauita Kiota cha Ndege, timu ya Samsung Galaxy ikawachapa tatu bila. Na kule upande wa pili alikuwepo jamaa anaitwa Ambition, ambaye mechi ya kwanza kabisa ya Faker kama mchezaji wa kulipwa, 2013, ndo aliyeuawa na Faker ana kwa ana ndani ya gemu, ile klipu ikazunguka dunia nzima. Miaka minne baadae aliyedhalilishwa anabeba kombe mbele ya aliyemdhalilisha, na Faker akabaki kwenye kiti chake analia kajifunika uso, kamera zote zinamuangalia. Mwaka uliofuata kombe la dunia likapelekwa Korea, nyumbani kwao, timu yake haikufuzu hata kushiriki. 2022 akafika tena fainali, akafungwa 3-2 na DRX. Aisee mtu mwingine angekuwa keshaaga zamani, au angehama, au angeanza kusema wenzangu wananiangusha. Mimi kwa muda wote niliomfuatilia sijamsikia anamtupia mwenzake lawama, na nadhani mashabiki wake wanampendea hapo kuliko hata yale makombe.

Mi ni fundi simu. Kwenye kazi yangu kufungwa ni simu iliyoingia inawaka inatoka imezima, na mteja kasimama mbele ya meza anakuangalia mikono. Nilichokichukua kwa huyu Mkorea ni kurudia mechi, yaani ukifungwa unaipitia tena uone ulikosea wapi. Simu ikinishinda, jioni hiyohiyo kabla sijafunga duka naandika kwenye daftari nilianza kufungua wapi, nikagusa nini, moto niliweka kiasi gani, ilizima nilipofanya nini. Sio kesho, jioni ileile, maana ukilala unaamka na kisingizio tayari, oh ilikuwa imeingia maji, oh ni feki. Kuna dogo mmoja wa pale kijiweni akifungwa anapiga pedi kwenye goti anasema kitufe kinagoma, nikamwambia basi kabla hujadai marudiano niambie goli la kwanza lilianzia kwa mchezaji wako gani. Akakaa kimya kwanza. Saivi ananijibu, tena bila kuulizwa, na pedi haipigi (kitufe chenyewe kweli kilikuwa kinagoma kidogo, lakini hayo tuyaache).

La pili ni mwili. 2023 Faker aliumia mkono akakaa nje kama mwezi hivi, timu ikawa inapoteza mechi tu, presha yote ile na bado akaupumzisha mkono. Akarudi, na mwaka huohuo akabeba kombe Seoul, timu ya Weibo ikala tatu. Wewe unayecheza mpaka saa nane usiku unahisi kidole gumba kina ganzi unasema kitapoa chenyewe, pumzika bwana. Mimi kubadili vioo kutwa nzima kunakula vidole, na hii Juni na Julai ya Dom yenye baridi na upepo wake ndo usiseme, asubuhi mikono migumu kama nimeazima. Saivi siwashi blowa (ile ya kupulizia moto) mpaka nimenyoosha vidole na nimekunywa chai, mteja asubiri.

Na kukaa benchi sio msiba. Michezo ya Asia kule Hangzhou alipata mafua makali, mwenzake Chovy akacheza mpaka fainali, dhahabu wakavaa wote. Hiyo imeisha.

Ukitaka kuanza kumuangalia, usihangaike na klipu za sekunde thelathini, hazikuonyeshi kitu. Tafuta fainali ya 2024 ya London, timu ya Bilibili inaongoza 2-1, anza gemu ya nne, Faker kachukua Sylas, alafu unganisha na ya tano alipochukua Galio, ikaisha 3-2 na yeye akapewa mchezaji bora wa fainali. Majina ya hao wahusika yasikutishe, dakika kumi tu utakuwa umeshaelewa nani anamkimbiza nani. Ila ni ndefu, subiri bando la usiku. Au njooni dukani Jumapili mchana nikishafunga, tuangalie wote, bando mje nalo wenyewe.